Kibushi cha Mayotte: mbona kina "ki" kama chetu halafu hatukielewi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, kwa sasa naishi Mayotte, kisiwa cha Wafaransa kwenye visiwa vya Komoro, huu mwaka wa pili. Lugha ya wenyeji, Kimaore, niliidaka haraka tu kwa sababu inafanana na Kiswahili. Ila mwezi uliopita nilialikwa harusi kusini, upande wa Kani-Kéli, nikakuta watu wanaongea lugha nyingine kabisa wanaiita Kibushi. Sauti naisikia kama ya kwetu, maneno mawili matatu nayajua, kuku nimesikia, ng'ombe nimesikia, lakini sentensi nzima inanipita. Rafiki yangu ananiambia ni Kibantu kilichoharibika, mwingine anasema ni Kimalagasi tu, mwingine eti imetoka Indonesia. Ukweli ni upi? Ni lugha au lahaja? Na mimi nikitaka kujifunza, Kiswahili changu kitanisaidia?

JIBU: Marahaba dada yangu. Na hilo neno marahaba naanza nalo makusudi, maana bila shaka umeshaona huko Mayotte ukimpa mtu kitu anakujibu "marahaba", yaani asante. Neno ni lilelile la Kiarabu, sisi tumeliweka kwenye kuitikia shikamoo, wao wameliweka kwenye kushukuru, na Wabushi wanalitumia vilevile kama majirani zao Wamaore. Sasa mtu akisikia marahaba, akasikia na kuku, anaona basi hii lugha ni ndugu yetu. Hapo ndipo rafiki yako wa kwanza alipoteleza.

Nikujibu moja kwa moja kwanza halafu tutachimba. Kibushi sio Kibantu, wala hakijaharibika popote. Ni Kimalagasi, cha aina inayozungumzwa kaskazini magharibi mwa Madagaska, na Kimalagasi chote kiko kwenye familia ya lugha za Kiaustronesia, familia kubwa mno, lugha zaidi ya elfu moja, kuanzia Taiwan, Ufilipino, Indonesia, mpaka Hawaii na New Zealand na kile kisiwa cha mbali cha Rapa Nui upande wa Amerika. Kwa hiyo rafiki zako wawili wa mwisho wote wako sawa, mmoja kakutajia mama na mwingine kakutajia bibi.

Sasa hilo jina lenyewe. Hii "ki" ni ya kwetu kweli, Kimalagasi hakina ngeli, hakina ki- wala vi-, wala m- na wa-. Jina la lugha limepewa na watu wa pwani ya Afrika. Na "bushi" je? Ukiwauliza wazee wetu wa Lamu, Unguja, Mafia, Madagaska ilikuwa inaitwa Buki, au Bukini, ukifungua makamusi ya zamani ya Kiswahili utalikuta, na mtu wa huko ni Mbuki. Komoro sauti ya "ki" yetu mara nyingi inageuka "shi", ndo maana sisi tunasema Kimaore wao wanasema Shimaore, na Bukini wao wanasema Bushini. Kwa hiyo Kibushi ni Kibuki, basi, lugha ya watu wa Bukini. Wamaore wengi wanasema Shibushi, wenyewe wanapenda Kibushi, na mimi naona hiyo "ki" iliyogoma kugeuka "shi" ina harufu ya Waswahili wa pwani ya Madagaska zaidi kuliko ya Wakomoro, nitakuja kwa hao Waswahili baadae kidogo.

Nikusimulie jambo moja. Miaka ya nyuma nilikaa kijiji kimoja cha huko huko kusini, nyumba niliyofikia kulikuwa na bibi mmoja kila asubuhi anakaa uani kavaa saluva yake, uso umepakwa msindzano, yaani ile liwa ya njano ya msandali, anakuna nazi. Mimi na daftari langu nakaa pembeni, namuonyesha kitu, anakitaja, naandika. Kuku anapita, nanyoosha kidole, ananiambia akoho, ila sikio linasikia "akuhu" kwa sababu kwenye maandishi ya Kimalagasi herufi o inasomwa u. Ng'ombe, aomby. Mbwa, amboa. Kanga yule ndege, akanga. Punda, ampondra. Kondoo, ondry au aondry. Unaona? Mifugo yote ile unaitambua, na Komoro kuku anaitwa nkuhu, kwa hiyo hata ile h katikati ina mwenyewe. Nikafurahi kweli nikajiambia hii lugha nimeipata.

Halafu nikamuonyesha mkono. Akasema tan̈ana. Hiyo n yenye vidoti viwili ndivyo wanavyoandika sauti ya ng' kama ya ng'ombe. Kidole nikakipeleka juu mbinguni, lan̈itri. Ile nazi yenyewe aliyokuwa anaikuna, voanio. Daftari likabadilika ghafla, hamna hata neno moja la kushika. Lakini kama pale uani angekuwepo mtu wa Indonesia angeruka, maana mkono kwao ni tangan, mbingu ni langit, mnazi ni nyiur, na Mfilipino angesema niyog, na Mhawaii ambaye yuko upande mwingine kabisa wa dunia angesema niu.

Hayo mafungu mawili ndo jibu la swali lako lote, dada. Fungu la mifugo ni la kuazima na fungu la mwili ni la kuzaliwa nalo. Mtu akihama anakutana na wanyama asiowajua au asiokuja nao, anachukua mnyama pamoja na jina lake kwa mwenyeji, ni kawaida, sisi wenyewe mbona tumechukua meza na gari na baiskeli. Ila jina la mkono wako, la mbingu, la kufa, la kunywa, huwa haliazimwi kirahisi, unalinyonya na maziwa. Kwa hiyo ukitaka kujua undugu wa lugha usiende sokoni wala zizini, nenda kwenye mwili na kwenye hesabu za kidoleni.

Hesabu zenyewe, chukua Kimalagasi cha kitabu: telo tatu, efatra nne, dimy tano, fito saba, valo nane, folo kumi. Ufilipino Kitagalog wanasema tatlo, apat, lima, pito, walo. Hawaii nane ni walu. Na tano, hiyo dimy, kusini magharibi ya Madagaska kwa wavuvi Wavezo bado wanasema lime, na kwenye lugha nyingi za familia hii lima maana yake ni tano na pia ni mkono, ndo vidole vyenyewe vitano. Huwezi kupata mfanano wa mpangilio namna hiyo kwa bahati, tena visiwa viko mbali maelfu ya kilomita.

Ila bahati nayo ipo, na lazima nikutahadharishe. Kimalagasi kufa ni maty, Kimalai, lugha iliyozaa Kiindonesia cha leo, ni mati. Mswahili akisikia anasema aah, maiti! Hapana, maiti yetu ni ya Kiarabu, na mati yao ilikuwepo kabla hawajamuona Mwarabu. Zimekutana barabarani tu. Kuna lingine gumu zaidi, jicho. Kimalagasi ni maso, Kimalai ni mata, Kiswahili macho. Sasa ukifuata kanuni za sauti za Kimalagasi, mata ilitakiwa ibaki mata, hiyo maso inatoka wapi? Wapo wataalamu wanaosema hili limetoka kwa Wabantu, na mimi nimeelekea huko. Halafu angalia kinachofuata: jua kwa Kimalagasi ni masoandro, jicho la mchana, na kwa Kimalai jua ni matahari, mata ni jicho, hari ni siku, jicho la siku. Kwa hiyo wazo la kuliita jua jicho limetoka Asia, na jicho lenyewe ndani yake huenda limebadilishwa huku kwetu. Neno moja, bahari mbili. Mimi kila nikilifikiria hili nasisimka.

Sasa swala la Indonesia, ni Indonesia wapi hasa? Mmisionari mmoja wa Norwe, Otto Christian Dahl, aliyefanya kazi Madagaska miaka mingi, mwaka 1951 alichapisha ulinganisho wa Kimalagasi na Kimaanyan, lugha ya watu wachache huko kusini mwa kisiwa cha Borneo, bonde la mto Barito, akaonyesha kwamba hizi mbili ni ndugu wa karibu kabisa. Mpaka leo hoja yake imesimama. Jambo la ajabu ni kwamba Wamaanyan ni watu wa mtoni na msituni, sio mabaharia, kwa hiyo waliokuja huku walikuja na vyombo vya wengine, inaonekana vya Wamalai, na ndo maana maneno mengi ya baharini ndani ya Kimalagasi yana sura ya Kimalai. Hii ilikuwa zamani, kwenye karne ya 7 hivi, wengine wanasema kabla kidogo.

Hapo kwenye ubaharia naomba nisimame kidogo kwa sababu mtu wa Tanga utanielewa kuliko wanafunzi wangu wa bara. Kimalagasi kaskazini ni avaratra. Neno lenyewe ni la Kimalai, barat. Lakini barat kwa Kimalai ni magharibi! Watu wamepotea? Hawajapotea hata kidogo. Sisi kaskazini tumeipa jina la nini? La upepo, kaskazi. Kusini je? Kusi. Baharia haangalii ramani, anaangalia upepo unatoka wapi, na barat kule Asia ilikuwa pia pepo za msimu zinazoleta mvua na dhoruba, zinavuma toka magharibi. Wamefika Madagaska, upepo wa mvua na radi unatoka upande wa kaskazini, basi jina limeufuata upepo. Na ushahidi upo, maana varatra kwa Kimalagasi mpaka leo ni radi. Kusini ni atsimo, na hiyo inatokana na timur, ambayo kwa Kimalai ni mashariki, hadithi ile ile. Mtu aliyeishi na kaskazi na kusi hahitaji kuelezwa mara mbili.

Turudi kwenye kwa nini sauti unaisikia kama ya kwetu. Sikio lako halijakudanganya. Lugha nyingi za Kiaustronesia neno linaisha na konsonanti bila shida, tangan, langit, minum ya kunywa, kulit ya ngozi. Kimalagasi hakitaki, kila silabi lazima iishe na irabu, kwa hiyo langit imekuwa lanitra, kulit imekuwa hoditra, anak yaani mtoto imekuwa anaka. Mswahili anafanya nini akipewa neno la kigeni? Anaongeza irabu, kitabu, shati, benki. Ni tabia hiyo hiyo. Dahl huyo huyo alikuja kusema kwamba tabia hii wameipata kwa watu waliokuwa wanaongea Kibantu ambao walihamia kwenye Kimalagasi, wakaongea lugha mpya kwa mdomo wa zamani. Sio kila mtu kakubali kila kitu alichosema lakini mimi naona kuna ukweli mkubwa, na sio sauti tu, damu ya Wamalagasi yenyewe ni mchanganyiko wa Asia na Afrika, hili vipimo vya vinasaba vimeshaonyesha. Kibushi kimeenda mbele zaidi, kina zile b na d za kuvuta pumzi ndani kama za kwetu kwenye "baba" na "dada", wanaziandika ɓ na ɗ.

Lakini sarufi! Hapo ndo sentensi ilipokupita pale harusini. Sisi tunasema mtoto anafua nguo. Kimalagasi kinasema manasa lamba ny zaza, yaani anafua, nguo, mtoto. Kitendo kinatangulia, mtendaji anakuja mwisho kabisa, wewe unasubiri mwanzoni usikie nani kafanya na wenyewe hawakwambii mpaka mwisho wa safari. Na kitendo hakibebi nafsi, hakuna ni- u- a- tu-. Mwanzoni mwa kitendo kuna wakati tu: manasa anafua, nanasa alifua, hanasa atafua. Sasa hiyo hanasa imeshaniponza, Mswahili akisikia "ha" mwanzoni anajua ni kukanusha, hafui, hataki, kumbe mtu kakuahidi kesho atafua. Ukitaka kukanusha unaweka tsy mbele, basi.

Lugha au lahaja? Hili swali huwa nalijibu kwa mfano wa nyumbani. Mwaka 1928 pale Mombasa wakubwa wa kikoloni walikaa wakaamua Kiunguja ndo kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikaachwa na mashairi yake yote, na toka hapo Kiamu, Kitikuu, Kimtang'ata cha kwenu huko, vyote vikaanza kuitwa lahaja, kana kwamba Kiunguja chenyewe sio lahaja. Madagaska ilikuwa hivyo hivyo. Ufalme wa Imerina, katikati ya kisiwa, ndo uliopata nguvu karne ya 19, ndo uliopokea wamisionari na mashine ya kuchapa, Biblia nzima ikatoka kwa lahaja ya kule mwaka 1835, na hiyo ndo ikawa Kimalagasi cha vitabu. Kibushi kiko nje ya hiyo hadithi kabisa. Ndugu zake wa kweli ni Kisakalava cha kaskazini, watu wa Mahajanga na Nosy Be. Mbushi wa Kani-Kéli akifika Nosy Be anaongea na muuza samaki bila mkalimani, akipelekwa Antananarivo, mji mkuu ulioko huko Imerina, itabidi azoee kwanza.

Tena sio duni, na hapa nataka nisisitize. Kuna mambo Kibushi na wenzake wa kaskazini wameyatunza ambayo Kimalagasi cha vitabu kimeyapoteza. Ile ng' ya tan̈ana na lan̈itri unaiona? Kimalai tangan, langit, kuna ng humo. Kitabuni wanaandika tanana na lanitra, n ya kawaida, sauti imekufa. Kwa hiyo yule bibi na nazi yake, ambaye watu wanaweza kusema anaongea Kimalagasi cha vichochoroni, mdomoni ana sauti iliyovuka bahari nzima toka Borneo ikafika salama mpaka uani kwake.

Na ndani ya Kibushi chenyewe kuna makundi mawili. La kwanza ni Kisakalava, ambalo ndo la vijiji vingi. La pili linaitwa Kiantalaotsi, la vijiji vichache kama Poroani na Ouangani. Antalaotsi maana yake watu wa baharini, na hapo ndani utakuta laut, ambayo ni bahari kwa Kimalai. Hao ndo wale Waswahili niliokuahidi. Walikuwa wafanyabiashara Waislamu wa bandari za kaskazini magharibi ya Madagaska, Mahajanga na ghuba ya Boina, wakifanya biashara kati ya Wasakalava na pwani yetu na Komoro na Uarabuni, zamani lugha yao yenyewe ilikuwa ya Kibantu, karibu sana na Kiswahili, kisha polepole wakaingia kwenye Kimalagasi. Kwa hiyo Kiantalaotsi cha leo ni Kimalagasi lakini maneno ya kwetu ni mengi zaidi humo. Ukipata mtu wa Poroani, kaa nae, utafurahi.

Walifikaje Mayotte? Mwanzo wa karne ya 19 mfalme Radama wa Imerina alishuka pwani, mwaka 1824 akaichukua Mahajanga. Wasakalava na Waantalaotsi wengi wakakimbia. Mfalme wa Wasakalava wa Boina, Andriantsoly, aliyekuwa ameshasilimu, akavuka na watu wake kama mwaka 1832 akahamia Mayotte, akaja kuwa mtawala hapo, na tarehe 25 Aprili 1841 ndie aliyewauzia Wafaransa kisiwa. Ndio, Mayotte kuwa ya Ufaransa kulianzia kwa mfalme aliyekuwa anaongea Kimalagasi. Wengine walikuja kabla yake na wengine baada yake, ni majirani tu, upepo ukiwa mzuri unavuka. Sio majirani wema siku zote lakini, mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa ile ya 19 mitumbwi ya Wamalagasi ilikuwa inavamia Komoro kuchukua watu utumwani, wakafika mpaka pwani ya kwetu. Ukienda Mafia, kisiwa cha Juani, yale magofu ya Kua, wazee watakuambia mji uliangamizwa na Wasakalava.

Kuna jambo lingine linanichanganya kwa raha. Mwaka 2016 ilitoka kazi ya wanaakiolojia waliochambua mbegu zilizoungua kwenye makazi ya kale, bara, visiwa vya kwetu, Komoro na Madagaska. Pwani ya bara wakakuta mtama na uwele, vya Kiafrika. Komoro wakakuta zaidi mpunga na choroko, vya Asia. Maana yake huenda watu wa lugha za Kiaustronesia walishalima Komoro zamani sana, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ila usije ukasema Kibushi cha leo ndo mabaki ya hao, hapana, kinafanana mno na Kisakalava kuweza kuwa kimeachana nacho muda wote huo.

Ukitaka kuona huu mchanganyiko bila kufungua kitabu, chukua ramani ya tarafa ya Kani-Kéli peke yake. Kani-Kéli, keli ni ndogo. Kani-Bé, be ni kubwa. Hayo ni Kimalagasi, kama Nosy Be, kisiwa kikubwa, na nosy yenyewe ni ile ile nusa ya Indonesia. Halafu jirani yake hapo hapo, Mronabeja, ambapo mro ni mto kwa Kikomoro. Kutoka kijiji kimoja mpaka kingine ni mwendo wa miguu tu.

Sasa hali yake ya leo, na hapa ndo roho inaniuma. Kibushi kina wasemaji makumi ya maelfu, ni wachache mara mbili. Kwanza ni wachache mbele ya Kimaore. Mbushi karibu kila mmoja anajua Kimaore, Mmaore ni nadra kujua Kibushi, kwa hiyo watu kumi wakikaa na mmoja tu ni Mmaore, wote tisa wanahamia lugha yake kwa adabu, na ndoa ikiwa ya mchanganyiko mtoto anakulia kwenye Kimaore. Pili, Kimaore na Kibushi vyote ni wachache mbele ya Kifaransa, hasa toka Mayotte ilipokuwa mkoa kamili wa Ufaransa mwaka 2011. Shule ni Kifaransa, ofisi ni Kifaransa, simu ya mtoto ni Kifaransa. Nimeona kwa macho yangu mjukuu anaulizwa na bibi yake kwa Kibushi anajibu kwa Kifaransa, bibi anacheka, mtoto anacheka, maisha yanaendelea, lakini mimi sikucheka.

Sio kwamba watu wamelala. Mtafiti Noël Gueunier amekusanya ngano na misamiati ya Kibushi kwa miaka mingi, kazi yake ni hazina. Kuna chama cha wenyeji kinaitwa Shime kimepigania maandishi ya lugha zote mbili, na mwaka 2020 baraza la mkoa likapitisha tahajia rasmi, tena kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu pia, jambo ambalo nimelipenda sana maana wazee wengi kusoma walijulia chuoni kwa fundi wa Kurani, sio shuleni. Bado kinachokosekana ni mwalimu wa kukaa mbele ya watoto na kuwafundisha kwa hiyo tahajia. Tahajia kwenye karatasi haimfundishi mtoto kusema tan̈ana.

Umeuliza Kiswahili kitakusaidia? Kwenye matamshi ndio, utawashinda Wafaransa wote, ng' yako iko tayari, b na d zako ziko tayari. Kwenye maneno ya dini, ya harusi, ya mifugo, utajikuta nyumbani. Siku za wiki utashangaa, Talata, Alakamisy, Zoma, ni Kiarabu kama Alhamisi na Ijumaa zetu, ila angalia wao wanahesabu kama Waarabu, Talata ni Jumanne, sio Jumatatu, usije ukakosa miadi. Sarufi ya Kiswahili ndo uiache mlangoni, usitafute ngeli, usitafute ni- na a-, sikiliza kitendo kwanza na umsubiri mtendaji mwisho. Vitabu vya kujifunzia vya Antananarivo vitakupa mifupa ya lugha lakini sio sauti. Utajifunza kusema aho kwa "mimi", ukifika Kani-Kéli unakuta wanasema zahu.

Kwa hiyo mimi ningekushauri harusi ikikupeleka tena kusini, usikae na vijana, watakuongelesha Kimaore kwa kukuhurumia au Kifaransa kwa kukuheshimu. Nenda jikoni nyuma, kwa kina bibi, omba upewe nazi ukune. Mtu anayekuna nazi hafukuzwi. Halafu nyoosha mkono wako uulize unaitwaje, na akikutajia, sikiliza pale katikati kama ng' bado ipo.